Kanzu Iliyochanika kwa Nyuma: Jinsi Ushahidi Ulivyoizaa Riwaya ya Upelelezi

Katika kisa cha Nabii Yusuf, kama kinavyosimuliwa katika Kurani, mke wa bwana wake anamsingizia kwamba alitaka kumvunjia heshima. Hapakuwa na mtu wa tatu chumbani. Ndipo mmoja wa jamaa za mwanamke yule akatoa kipimo: kanzu ya Yusuf ikiwa imechanika kwa mbele, mwanamke amesema kweli, ikiwa imechanika kwa nyuma, basi yeye ndiye mwongo na kijana ni mkweli. Kanzu ikatazamwa, ikaonekana imechanika kwa nyuma. Neno la mwenye nyumba na mwenye cheo likashindwa na kitambaa. Katika visa vya Kiyahudi vya kale yumo pia Danieli, aliyewatenganisha wazee wawili waliomzulia Susana uzinzi, akamuuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani walimwona, kila mmoja akataja mti wake. Hizi ni hoja kamili za kipelelezi, na zina umri wa karne nyingi. Basi swali linakuja lenyewe: ikiwa binadamu alijua zamani zote hizo kusoma kanzu na kupambanisha mashahidi, kwa nini riwaya ya upelelezi ilisubiri hadi mwaka 1841 ndipo izaliwe?

Jibu lililozoeleka ni kwamba ilimsubiri Edgar Allan Poe, mtu mwenye kipaji cha pekee. Jibu hilo linampa Poe haki yake, lakini halielezi kitu. Vipaji vilikuwepo Baghdad, Beijing na Toledo. Kilichokosekana ni msomaji aliyeamini kwamba kesi inaweza kwisha kwa alama, kipimo na hoja, bila mtuhumiwa kufungua kinywa. Hoja ya makala haya ni kwamba riwaya ya upelelezi ni mtoto wa badiliko la kisheria: ilizaliwa pale jamii zilipoanza kuacha kutegemea ungamo, kiapo na ramli, zikataka ushahidi, na kila mara namna ya kuthibitisha jambo ilipobadilika, riwaya nayo ilibadilika. Ndivyo hali ilivyokuwa Paris na London, na ndivyo ilivyokuwa Unguja.

Kabla ya 1841: kesi zilizokwisha kwa kinywa

Katika Alfu Lela Ulela kimo kisa cha matufaha matatu. Sanduku linavuliwa mtoni Tigris, ndani yake mna maiti ya mwanamke aliyekatwakatwa. Harun Rashid anampa waziri wake Jaafar siku tatu amtafute muuaji, la sivyo atanyongwa yeye. Mwandishi wa leo angemtuma Jaafar mitaani kuuliza ni nani aliyeuza sanduku na nani aliyelibeba. Jaafar wa kisa kile anajifungia nyumbani kwake na kumwachia Mungu, na siku ya kunyongwa muuaji anajitokeza mwenyewe na kukiri. Msimulizi hakukosa ustadi, kwa maana kisa kimesukwa vizuri mno. Ila kwake yeye ukweli hutoka kwa mwenye kuujua, hautolewi kwenye sanduku.

China ilikuwa na kundi zima la hadithi za mahakimu, maarufu zaidi zikiwa za Jaji Bao, zilizochapishwa kwa wingi zama za Ming. Hapo kuna uchunguzi, kuna mitego, kuna mahojiano makali. Hata hivyo msomaji mara nyingi anaambiwa mkosaji ni nani tangu mwanzo, mizimu ya waliouawa huweza kuja kumdokezea hakimu, na kesi haifungwi mpaka mtuhumiwa akiri, kwa kuwa sheria yenyewe ilidai ungamo na iliruhusu mateso ili lipatikane. Ulaya haikuwa na tofauti kubwa. Kwa karne nyingi mahakama za bara lile zilihitaji mashahidi wawili walioona kwa macho, au ungamo. Dalili za kimazingira, hata ziwe nzito vipi, zilitosha tu kumpeleka mtu kwenye chumba cha mateso. Mwambao wetu nao ulikuwa na njia zake: mbele ya kadhi palikuwa na mashahidi na yamini, na nje ya hapo palikuwa na wapiga bao na viapo vya kumfichua mwizi, kama Mtoro bin Mwinyi Bakari alivyoviandika katika Desturi za Wasuahili mwanzoni mwa karne ya 20. Katika mifumo yote hii kesi ilikwishia kinywani mwa mtu au kwenye nguvu isiyoonekana. Vitu vilikuwa kimya.

Ufa ulianza kuonekana Ufaransa. Mwaka 1747 Voltaire alitoa kisa cha Zadig, mtu anayeeleza sura ya mbwa na ya farasi asiowahi kuwaona, kwa kusoma nyayo mchangani na majani yaliyodondoka, na anaambulia kukamatwa kwa ajili ya elimu yake hiyo. Miaka 14 baadaye, mjini Toulouse, mfanyabiashara Mprotestanti Jean Calas alishitakiwa kwa kumuua mwanawe. Aliteswa, hakukiri, akauawa hivyo hivyo mwezi Machi 1762. Voltaire aliipigania kesi ile hadi hukumu ikafutwa mwaka 1765. Katikati ya kelele hizo, mwaka 1764, Cesare Beccaria wa Milano alichapa kitabu kilichoonyesha kwamba mateso humwokoa mhalifu mwenye mwili imara na kumwangamiza dhaifu asiye na hatia. Ufaransa ilifuta mateso ya kutafuta ungamo mwaka 1780, na yaliyosalia mwaka 1788. Tangu hapo hakimu alibaki na pengo mbele yake. Kama mtuhumiwa hasemi, na kumtesa hakuruhusiwi, nani atasema?

1812–1844: Paris iliyoandikwa kutoka Philadelphia

Aliyejaza pengo hilo kwanza alikuwa mhalifu. Eugène-François Vidocq, mfungwa aliyetoroka magereza kadhaa kisha akawa mtoa habari, aliongoza kikosi cha upelelezi cha polisi wa Paris kilichoundwa rasmi mwaka 1812, akakijaza watu waliotoka jela kama yeye. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1828, zikasomwa kote Ulaya na Marekani. Kwa mara ya kwanza msomaji wa kawaida alikutana na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kugundua.

Poe alimsoma, na katika hadithi yake ya kwanza ya upelelezi anamtaja na kumkosoa. The Murders in the Rue Morgue ilitoka katika Graham's Magazine la Philadelphia mwezi Aprili 1841. Mtu anaweza kunipinga hapa: Marekani ya 1841 haikuwa na wapelelezi wa polisi, na New York ilipata jeshi la polisi la kisasa mwaka 1845 tu; ikiwa riwaya ni mtoto wa taasisi, imekuwaje mtoto azaliwe kabla ya mama? Pingamizi hili linajijibu ukitazama mahali Poe alipoiweka hadithi yake. Hakuiweka Philadelphia wala New York. Aliiweka Paris, mji uliokuwa na kikosi cha Vidocq. Alihitaji jamii ambamo upelelezi unafikirika, akaiazima.

Ndani ya hadithi yenyewe badiliko la kisheria limo waziwazi. Mashahidi wa mataifa mbalimbali wamesikia sauti kutoka kwenye chumba cha mauaji, na kila mmoja anaapa kuwa ilikuwa lugha ya kigeni asiyoijua yeye. Vinywa vyote vimeshindwa. Dupin, mpelelezi wa Poe, anauacha ushahidi wa midomo na kushika msumari wa dirisha, unywele na alama za vidole shingoni. Mwenye hatia, kwa kuwa si binadamu, hawezi kukiri hata akitaka. Poe alijenga kesi ambayo ungamo haliwezekani kabisa, na bado ikatatuliwa. Hadithi ya pili aliitoa kwenye kifo cha kweli cha Mary Rogers, aliyekutwa katika mto Hudson mwaka 1841, akaihamishia nayo Paris. Ya tatu, The Purloined Letter, ilitoka mwaka 1844. Kisha akaiacha njia hiyo.

1842–1868: nguo ya kulalia iliyopotea

Uingereza ilichelewa kwa sababu iliogopa. Polisi wa London waliundwa mwaka 1829, wakivaa sare makusudi ili raia wawaone, maana watu waliwachukia majasusi wa mtindo wa Kifaransa. Tawi la upelelezi lilipoanzishwa Scotland Yard mwaka 1842 lilikuwa na watu wanane tu. Charles Dickens aliwapenda. Mwaka 1850 aliwaandika kwa sifa katika gazeti lake, na ndani ya Bleak House, iliyotoka kwa sehemu mwaka 1852 na 1853, akamweka Inspekta Bucket, mpelelezi wa polisi wa mwanzo kabisa mwenye uzito katika riwaya ya Kiingereza.

Kisha ikaja kesi ya Road Hill, na bila kesi hii nusu ya yaliyofuata hayaelezeki. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 1860, katika nyumba ya familia yenye nafasi mkoani Wiltshire, mtoto Saville Kent, aliyekuwa hajatimiza miaka minne, alichukuliwa kitandani, akakutwa amechinjwa katika choo cha watumishi. Milango ilikuwa imefungwa kwa ndani. Muuaji alikuwa mtu wa nyumba ile. Polisi wa mahali pale walipokwama, Scotland Yard ilimtuma Jack Whicher, mmoja wa wale wanane wa kwanza. Whicher alipekua orodha ya nguo za dobi akagundua kwamba dada wa kambo wa mtoto, Constance, mwenye miaka 16, alikuwa na nguo tatu za kulalia na moja haionekani. Akahitimisha kwamba ilitiwa damu ikateketezwa. Alimkamata binti kwa ushahidi wa kitu ambacho hakipo.

Mahakama ilimwachia Constance, na umma ukamgeukia Whicher. Magazeti yalichukizwa kwamba mtoto wa mtunza bustani anaingia katika nyumba ya watu wa heshima na kuchungulia nguo za ndani za binti yao. Sifa yake ikaporomoka, na baada ya miaka michache akaacha kazi. Mwaka 1865 Constance akajitokeza mwenyewe na kukiri. Alihukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa, akatumikia miaka 20.

Hapa pana pingamizi zito kuliko yote dhidi ya hoja yangu, nami silikwepi: katika kesi iliyoitia riwaya hii moyo, ushahidi ulishindwa na ungamo likashinda. Ni kweli. Lakini tazama Wilkie Collins alifanya nini na habari ile mwaka 1868. Katika The Moonstone aliondoa mauaji akaweka wizi wa almasi, akamfanya Sajini Cuff mpelelezi wake, na akaiweka tena nguo ya kulalia, safari hii ikiwa na doa la rangi ya mlango. Nguo hiyo inatafutwa, inapatikana, na inasema. Kitu ambacho mahakama ya Wiltshire ilikikataa, riwaya ilikipokea. Waandishi walitangulia mbele ya mahakimu: walimzoesha msomaji, ambaye kesho ataitwa kukaa kwenye baraza la wazee wa mahakama, kwamba doa la rangi linaweza kupewa uzito sawa na neno la bwana mkubwa. Nchini Ufaransa, katika miaka hiyo hiyo, Émile Gaboriau alikuwa akijenga mpelelezi wake Lecoq, na Marekani mwaka 1878 Anna Katharine Green alitoa The Leavenworth Case, iliyosomwa mno kwa sababu mambo yake ya kisheria yalisimama sawasawa.

1877–1907: daktari, alama ya kidole na mtu asiyeona vizuri

Kwa nini basi mpelelezi maarufu kuliko wote hakuwa polisi? Sababu moja iko mwaka 1877, ambapo maofisa wa upelelezi wa Scotland Yard walipelekwa mahakamani kwa kula rushwa za matapeli wa mbio za farasi, na watatu wakafungwa. Tawi likavunjwa na kuundwa upya mwaka uliofuata. Arthur Conan Doyle alipochapa A Study in Scarlet mwaka 1887, kwa malipo ya pauni 25, polisi wenye kiburi na wasioona mbali hawakuwa kitu cha kubuni kwa msomaji wa Kiingereza. Mwaka 1888 mauaji ya Whitechapel, mjini London, yakapita bila mtu kutiwa hatiani.

Sherlock Holmes alichukua mbinu yake kutoka hospitali. Doyle alikuwa daktari, na mwalimu wake wa Edinburgh, Joseph Bell, alikuwa hodari wa kutambua kazi na safari za mgonjwa kabla hajaulizwa neno. Daktari hasubiri ugonjwa ukiri, anausoma. Ubunifu mwingine wa Doyle ulikuwa wa kibiashara, nao usidharauliwe: kuanzia Julai 1891, katika The Strand Magazine, aliandika hadithi fupi zinazojitegemea zenye mhusika yule yule, ili anayekosa toleo moja asipoteze uzi. Watoto wa sheria ya elimu ya 1870 walikuwa sasa watu wazima wanaosoma garini wakienda kazini. Alipomuua Holmes mwaka 1893 wasomaji walimlilia, na mwaka 1903 akamrudisha.

Wakati huo aina mpya ya ushahidi ilikuwa ikiingia. Mbinu ya kupanga alama za vidole ilikamilishwa Bengal, India, chini ya Edward Henry, na kazi kubwa ya hesabu ikafanywa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Ofisi ya Kolkata ilianza mwaka 1897, ya Scotland Yard mwaka 1901. Mwaka 1903, katika hadithi ya mjenzi wa Norwood, Doyle tayari anaonyesha alama ya kidole gumba iliyopachikwa ukutani kwa hila ili kumwangamiza mtu asiye na hatia. Miaka miwili tu baada ya ofisi kufunguliwa, riwaya ilikuwa imeshauliza swali ambalo mahakama ilipaswa kuliuliza. Naye Edmond Locard, aliyefungua maabara ya polisi Lyon mwaka 1910, aliwahimiza wanafunzi wake wamsome Holmes.

Ushahidi mkubwa kwamba hadithi hizi zilikuwa jambo zito ni kesi ya George Edalji. Mwanasheria huyu kijana, mtoto wa kasisi mwenye asili ya Kiparsi, alifungwa mwaka 1903 kwa madai ya kumkatakata farasi malishoni usiku. Doyle alikutana naye akaona jinsi anavyolisogeza gazeti karibu kabisa na uso. Mtu mwenye macho yale asingeweza kuvuka mashamba gizani. Makala za Doyle za Januari 1907 zilichangia Edalji kusamehewa, ingawa bila fidia, na mwaka huo huo Uingereza ikaanzisha mahakama ya rufaa za jinai. Hadithi zilikuwa zimeirudishia sheria deni lake.

1914–1945: kanuni za mchezo, na mji ulionunuliwa

Vita vya kwanza vya dunia vilimpa Agatha Christie vitu viwili: elimu ya sumu, aliyoipata akifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay, na wakimbizi wa Kibelgiji, ambao miongoni mwao alimbuni Hercule Poirot wa The Mysterious Affair at Styles ya mwaka 1920. Zama hizi mara nyingi hudharauliwa kuwa za mafumbo matupu, maiti kwenye maktaba na chai mezani, mbali na mahakama na maisha. Siafiki. Ronald Knox alipoandika kanuni zake kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929, na waandishi walipoanzisha Detection Club mwaka 1930 chini ya G. K. Chesterton, walichokipiga marufuku ni nguvu za kiroho, sadfa, na dalili ambayo msomaji hakuonyeshwa. Hizo ni kanuni za ushahidi. Wanachama waliapa kwamba wapelelezi wao hawatategemea ufunuo. Msomaji aliketishwa kwenye kiti cha hakimu na kuhakikishiwa kwamba hatafichwa kielelezo. Japani ilijiunga mapema, Edogawa Ranpo akichapa hadithi yake ya kwanza mwaka 1923 kwa jina alilolitunga kutokana na la Poe.

Marekani ilikwenda njia nyingine kwa sababu ilikuwa na tatizo jingine. Dashiell Hammett alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya upelelezi ya Pinkerton, na aliandika wakati wa marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933, polisi na mahakimu wa miji mingi walipokuwa mifukoni mwa wauza pombe. Katika Red Harvest ya 1929 mpelelezi anaingia katika mji uliokwisha kununuliwa mzima. Ushahidi anaupata, wa kumpelekea hayupo. Raymond Chandler alikuja nyuma yake mwaka 1939 na Philip Marlowe, mtu anayejua ukweli na hana pa kuufikisha. Fumbo limerahisika kwa kuwa haki imekuwa ngumu.

1957–1984: Bwana Msa na mzimu

Afrika Mashariki ilikuwa na njia yake ya kufika hapa. Kwa miaka mingi mahakama za eneo hili zilitumia Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, ambayo ilikuwa na kifungu kikali: ungamo alilolitoa mshitakiwa mbele ya ofisa wa polisi halithibitishwi dhidi yake. Kenya ilitunga sheria yake ya ushahidi mwaka 1963 na Tanzania mwaka 1967, zote zikijengwa juu ya ile. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili wa miaka ya 1950 aliishi katikati ya mifumo miwili ya kujua: mtaani palikuwa na ramli, mizimu na minong'ono, na mahakamani palidaiwa vielelezo.

Muhammed Said Abdulla alikuwa mtu wa kusimama hasa mahali hapo. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi ya ukaguzi wa afya, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti Unguja, na kuanzia mwaka 1958 akahariri jarida la Mkulima. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957 na 1958, ikachapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1960. Tajiri mwenye shamba anauawa, maiti inakutwa kwenye mzimu wa kale. Mahali penyewe pameshatoa jibu: kwa watu wa pale, wazee wa kale wamemchukua. Bwana Msa, na kiko chake, pamoja na Najum anayemfuata na Inspekta Seif wa polisi, anakataa jibu hilo na kutafuta mkono wa mtu.

Wahakiki wengi wameishia kusema kwamba Abdulla alimwiga Doyle, na kiko kipo, na rafiki msindikizaji yupo, na ofisa wa polisi anayebaki nyuma yupo. Uigaji huo ni wa nguo. Mwili wa riwaya zake ni kitu kingine. Wengine husema pia kwamba kumshinda mzimu kwa hoja ni kuitumikia dharau ya mkoloni kwa imani za Waafrika. Lau ingekuwa hivyo, Abdulla angewaonyesha wanakijiji kuwa wajinga. Kinyume chake, anaonyesha kwamba mhalifu ndiye anayeidharau imani ya watu, kwa kuigeuza kichaka cha kujifichia. Bwana Msa anailinda jamii dhidi ya mtu aliyeutumia mzimu wao. Kisima cha Giningi, ya mwaka 1968, inarudi kwenye uwanja huo huo, kwa kuwa Giningi katika masimulizi ya Unguja ni mji wa wachawi. Kisha katika Duniani Kuna Watu ya 1973 na Siri ya Sifuri ya 1974, fumbo linazidi kuhamia kwenye nasaba: nani mtoto wa nani, ndoa ipi ilifichwa, jina lipi limebadilishwa. Holmes husoma matope ya kiatu. Bwana Msa husoma ukoo. Katika jamii ambamo urithi, ndoa na heshima hutegemea nasaba, huo ndio ushahidi wenye uzito, na hakuna mwandishi wa London aliyemfundisha Abdulla hilo.

Bara lilikuja na mpelelezi wa serikali. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, mwaka 1965, ilimweka Inspekta Wingo katika nchi mpya huru, na ikaichukua simu, chombo cha wachache wakati ule, kuwa kiini cha hofu. Halafu mkondo ukabadilika tena. Katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, Elvis Musiba alimleta Willy Gamba, jasusi, na adui wake mkuu akawa utawala wa kibaguzi wa kusini na mawakala wake. Wapo wasemao kuwa riwaya za Musiba si za upelelezi bali ni nakala za James Bond. Athari za filamu na za vitabu vya James Hadley Chase hazikanushiki. Lakini Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963. Mabomu na majasusi yalikuwa habari za kweli, na mhalifu aliyetumwa na dola nyingine hapelekwi kwa hakimu. Ushahidi ukawa jambo la kuwahi, si la kuthibitisha. Joram Kiango wa Ben Mtobwa, katika miaka ya 1980, alirithi kasi hiyo. Hukumu yangu ni kwamba kasi ilipatikana kwa gharama: msomaji aliyeketishwa na Abdulla kwenye kiti cha hakimu alirudishwa kwenye kiti cha mtazamaji. Vyuo navyo vikaziweka zote, za Abdulla na za waliomfuata, katika kapu moja la fasihi pendwa, na tofauti hiyo kubwa ikapotea machoni mwa wanafunzi. Abdulla alitoa Kosa la Bwana Msa mwaka 1984, akafariki mwaka 1991.

Baada ya 1988: vinasaba na miamala

Mwaka 1988 mahakama ya Uingereza ilimtia hatiani Colin Pitchfork kwa mauaji ya wasichana wawili wa Leicestershire, kwa vinasaba, kwa kipimo kilichogunduliwa na Alec Jeffreys miaka minne kabla. Kabla ya kumnasa mwenye hatia, kipimo kile kilikuwa kimemwokoa kijana mwingine aliyekuwa amekiri moja ya mauaji hayo. Ungamo lilikuwepo, na lilikuwa la uongo, damu ikalikanusha. Mabishano yaliyoanzia Toulouse yalipata hapo kielelezo chake kilicho wazi kuliko vyote.

Tanzania ilipata sheria ya vinasaba vya binadamu mwaka 2009, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ikafungua mlango wa mahakama kwa ujumbe wa simu na kumbukumbu za kompyuta. Leo mtuhumiwa anaulizwa simu yake ilishika mnara gani saa nane usiku, pesa ilitumwa kwa namba ya nani, na laini ile ilisajiliwa kwa kitambulisho cha nani. Hayo ni mafumbo ya kwetu kabisa, na yanakutana na yale ya zamani, kwa kuwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mpwa au shangazi inaturudisha kwenye nasaba. Katalambulla aliiona simu mapema kama chombo cha kutisha. Bado haijaandikwa vya kutosha kama chombo cha kushuhudia. Waandishi wetu vijana waichukue kazi hiyo, na wahariri wawadai jambo moja wanapopokea miswada yao: kila dalili iwekwe mbele ya msomaji kabla mpelelezi hajataja jina.